Mzuka Aliyevaa Kisutu

Bertrams, Johannesburg
19 Agosti 2018

Kwa dada yangu Zubeda,

Salamu nyingi, na dua nyingi kuliko salamu. Sisi watatu tu wazima. Natumai nanyi huko Ngamiani hamjambo, shemeji Bakiri kifua kimempa nafasi, na wale wanao wanne hawajakutoa roho kwa kelele. Huku baridi inaanza kufunga virago, ingawa bado tunalala na soksi. Muhammad anakusalimu sana. Bado yuko Jeppestown kwenye ile yadi ya magari mabovu, anafungua vipuri, na akirudi jioni hata chai inanuka oili. Mimi cherehani haijanitupa. Nashona sare za shule na mapazia.

Barua hii anakuletea Ummi wa vitenge, yule wa Chumbageni anayekuja huku kwa basi na kurudi. Ningepiga simu, lakini tunaishi chumba kimoja cha uani na pazia katikati, na mambo tunayozungumza mimi na wewe siku hizi hayafai kusikiwa na mtoto nusunusu. Kwa simu tusalimiane. Kwa barua tugombane, ikibidi.

Bushra amerefuka. Sare niliyomshonea Januari imeshapanda juu ya magoti. Juzuu Amma ameimaliza na mwalimu wake wa madrasa anamsifu. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akiwa nje na wenzake ni Kizulu kitupu, mimi na shemeji yako tunabaki kutazamana.

Sasa kuna jambo dogo la kukuchekesha. Mwenye nyumba wetu, yule mjane wa Kireno, Mama Graça, hupamba baraza lake kila tarehe thelathini na moja Oktoba kwa ajili ya Haloini. Ni mchezo wao wa kutishana. Watoto wa mtaa wanavaa vinyago, wanapita nyumba hadi nyumba, wanapewa peremende. Zamani marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akitengeneza vitu vinavyotikisika vyenyewe. Tangu afe, mama wa watu ananing'iniza popo wawili wa plastiki na kujifungia ndani. Basi Bushra amemwahidi kwamba mwaka huu vitu vitatikisika tena.

Muhammad kamletea mota ya waipa kutoka yadini, ile inayosukuma vifutio vya kioo cha gari, kaiunga na betri nje ya mlango wetu. Bushra akaikaza juu ya ubao, akaitia mkono wa chuma, kwenye mkono akafunga mshipi wa kuvulia samaki, mshipi ukapita juu ya msumari, na mwisho wake akaning'iniza glavu yangu ya kufulia iliyojazwa pamba. Mota ikizunguka, glavu inapanda na kushuka. Ndiyo hiyo tu. Lakini ungeuona uso wake, dada. Alikaa juu ya ndoo akaitazama ile glavu mpaka ugali ukapoa.

Lile uliloniuliza nimelisoma. Bado. Mtoto ni mtoto bado. Siku hiyo ikifika, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuambiwa. Ndivyo tulivyoagana na sijasahau.

Ni mimi mdogo wako,
Biubwa


Tanga
9 Septemba 2018

Biubwa mdogo wangu,

Barua imefika. Sisi wazima, Alhamdulillahi. Bakiri bado anakohoa na bado anavuta sigara, kwa hiyo simhurumii. Mwanangu mkubwa amepata kibarua bandarini na ameanza kujiona mtu. Paa la jikoni limevuja, tumeweka sufuria, maisha yanaendelea.

Umesema jambo la kunichekesha. Sikucheka. Mtoto wa kike niliyemzaa mimi anakaa juu ya ndoo anachezesha mkono wa maiti, na wewe kazi yako kumtazama uso. Mwalimu wake wa madrasa anajua? Au yeye naye anasifu?

Nikukumbushe, maana naona hewa ya huko inasahaulisha. Ulikaa na mumeo miaka bila mtoto. Ulikuja hapa ukalala kwenye mkeka wangu ukalia hata kula ukakataa. Bushra alikuwa na miaka mitatu, anakupenda, anakushika nguo. Nikakwambia mchukue, akuite mama, mimi nitakuwa mama mkubwa. Nilikupa umlee, Biubwa. Sikukupa jumla. Tuliagana mbele ya marehemu mama kwamba akivunja ungo atarudi kwangu, nimtafutie somo, afundwe kwa heshima, awe mwari wa nyumba yangu. Kisutu cha siku hiyo nilikitia kwenye sanduku lako kwa mkono wangu, doti nzima ya kanga ya mwari, nimeipinda mwenyewe, ili ikimkuta huko umvishe kabla ya safari.

Sasa anakaribia kumi na mbili. Mimi ilinikuta na umri huo, na wewe vilevile. Usiniambie bado kwa sauti ile ya mtu anayesema basi bado halijafika.

Hayo masanamu yaache. Shule zikifungwa Desemba nataka kumwona hapa, ungo au si ungo.

Dada yako,
Zubeda


Bertrams, Johannesburg
7 Oktoba 2018

Dada Zubeda mpenzi,

Naanza na salamu kwa sababu nikianza na mengine nitakukosea adabu. Poleni na paa. Mpe hongera mwanao wa bandarini, na shemeji mwambie sigara hainyweki na dawa ya kifua pamoja. Sisi tunashukuru. Bushra hakwenda shule siku mbili wiki iliyopita, tumbo tu. Nikamkanda kwa maji moto nikampa chai ya tangawizi, na sasa yuko barabara.

Masanamu hayajaachwa. Nakwambia ukweli ili usije ukayasikia kwa watu. Nilimkataza jioni moja, akaikunja mishipi yake yote, akaiweka kwenye kopo, akaenda kulala. Asubuhi Mama Graça alikuja mlangoni na kiti cha kubembea cha marehemu mumewe, anauliza kama kitafaa. Ningemwambia nini? Mimi napanga kwake.

Basi sasa kuna mwanamke wa barazani. Mifupa yake ni mabomba membamba ya plastiki ya maji. Kichwa ni kile cha kuvalishia wigi, alitupa jirani yetu Léocadie, msusi wa Kikongo, kwa sharti kwamba arudishiwe Novemba. Ndani ya kifua kuna mota. Mkono wa mota umefungwa mishipi mitatu, mmoja kwa kichwa na miwili kwa mikono, kwa hiyo kichwa kikiinuka mkono mmoja unashuka na mwingine unapanda. Siku ya kwanza, kwa betri ya gari, alitikisika kama ana degedege na taya likaanguka. Bushra akawaza siku nzima, halafu akatoa umeme kwenye kiboksi cha kompyuta mbovu, ambao ni mdogo, na yule mwanamke akatulia. Sasa anainuka polepole, anageuza shingo, ananyoosha mkono, anakuita.

Na hapo ndipo nilipotaka ufike. Mama Graça alisema mkono huo unafukuza watu, kwa sababu wao wakimwita mtu hugeuza kiganja juu. Bushra kaufunga kiganja chini, vidole vinavuta kuja ndani, kama ninavyomwita mimi akiwa ng'ambo ya barabara, na kama mama alivyokuwa akituita sisi. Akamwambia bibi wa watu kwamba mtu anaitwa hivi. Hajafika Tanga tangu ana miaka mitatu, dada. Mkono huo ameupata wapi kama si katika malezi? Nakuuliza kwa wema.

Kabla Ummi hajakwambia nikwambie mwenyewe, maana alikuwepo. Jumamosi Bushra alikuwa ameinama anakaza skrubu na mota inazunguka, mtandio wake ukaingia kwenye mkono wa chuma. Mota ya waipa haina haraka lakini haina huruma, imeumbwa kusukuma mvua. Ulimzungushia shingoni mara moja, nikaona uso wake umeshuka mpaka kwenye ubao, hapigi kelele kwa sababu hawezi. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi, mkasi wa kitambaa, nao nikausahau. Nilishika mtandio nikavuta, dada, nikavuta kwa upande wa kumkaza zaidi. Muhammad ndiye aliyeng'oa waya. Bushra alikohoa, akashika shingo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Eish, tunahitaji swichi."

Ana alama nyekundu inayofifia. Swichi imewekwa, kubwa, ya kupiga kwa ngumi, na hagusi mtu pale bila kufunga mtandio kwa nyuma. Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ukinitukana kwa hili nitanyamaza, nimestahili.

Kuhusu Desemba tutazungumza.

Mdogo wako,
Biubwa


Tanga
14 Novemba 2018

Biubwa,

Waalaikum salaam. Wote wazima. Leo sina habari za paa.

Ummi amefika juzi. Amekaa, amekunywa maji, akatoa simu yake anionyeshe jinsi mwanangu alivyo hodari. Alipiga picha ya video hiyo jioni yenu ya Haloini. Nikaona baraza, nikaona taa nyekundu, nikaona watoto wa watu wamepaka nyuso unga. Nikaona huyo mwanamke wenu akiinuka kwenye kiti. Ummi anacheka. Mimi nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena.

Mzuka wenu umevaa kisutu. Kipande kimoja kiunoni, kimoja begani. Kuna pindo la uzi wa kijani, kwa sababu siku niliyoipinda doti ile nilikosa uzi mweupe na duka la Mhindi lilikuwa limefungwa. Kisutu kinauzwa popote, lakini uzi wa kijani ni wangu.

Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza. Kisutu kisingetoka sandukuni kama mtoto hajawa mwari. Lile tumbo la siku mbili, chai ya tangawizi, maji moto. Ulikuwa unaniandikia barua na siku yake imeshapita. Ukanieleza la mtandio, kirefu, mpaka mkasi ulivyokuwa mkononi, ili nishughulike na shingo nisiulize mengine. Nami nikashughulika. Nililia kwa ajili ya shingo hiyo, Biubwa, nikamsomea dua mwanangu, na wewe ulikuwa unajua.

Siku moja tu ndiyo niliyoomba kati ya siku zote nilizokupa. Mtoto wangu amevunja ungo nchi za watu, hakuna vigelegele, hakuna somo, na aliyevishwa kisutu ni mabomba ya maji.

Ummi anarudi huko mwisho wa mwezi na ataondoka huko baada ya shule kufungwa. Bushra aje naye. Kama hatashuka kwenye basi hilo, nitakuja mwenyewe, na nikija sitapiga hodi.

Zubeda


Bertrams, Johannesburg
2 Desemba 2018

Dada,

Salamu zangu sijui kama unazitaka, lakini zipo. Mungu akupe afya wewe na wote wa nyumba yako.

Ni kweli. Ilikuwa wiki ile ya tumbo. Alikuja kwangu asubuhi ameshika mlango, akasema kwa Kiingereza kwamba walimu shuleni wameshawaeleza, nisiogope. Yeye ndiye aliyeniambia mimi nisiogope. Nilimwonyesha la kufanya, nikamkumbatia, nikatoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji. Nilijua nikikuandikia ukweli nimemwandikia tiketi. Nikasema nitaandika kesho, na kesho ikawa hivyo hivyo.

Kisutu nilikitoa kwa sababu nilishindwa kufanya ubaya wote kwa pamoja. Nikakiweka kitandani kwake nikamwambia, hiki ni chako sasa. Basi. Ningemweleza maana yake ningelazimika kumweleza na safari, na sikuwa na ulimi wa safari. Yeye kaona nguo nyekundu na nyeusi, nzuri, ngumu, mpya, ya kwake, na mwanamke wake wa barazani yuko uchi wa mabomba.

Nataka ujue jioni ile ilivyokuwa. Jua lilikuwa halijazama. Watoto walijaa mpaka nje ya geti, wengine wametoka mitaa ya juu kwa magari. Mama Graça amevaa kofia ya kichawi na analia machozi ya furaha, anashika kila mtu mkono. Mimi nilikuwa nyuma nashona kipindo cha mwisho cha pazia la mlango, kwa hiyo sikumwona yule mwanamke mpaka Bushra alipopiga swichi. Akainuka. Na kisutu chako kikainuka naye.

Nilitaka kwenda kukivua pale pale, mbele ya watu. Lakini ningekivua, Bushra angeuliza kwa nini, na ningemjibu nini mbele ya watoto hamsini wenye peremende? Kwa hiyo nilisimama. Kila mara mkono uliponyooka kuita, watoto walirudi nyuma wakipiga yowe, halafu wakasogea tena. Mtoto wetu alikuwa amesimama kando na mkono juu ya swichi, hacheki, anahesabia mwendo kwa midomo. Sijapata kumwona amejaa vile. Na Ummi kanyanyua simu, anapiga picha. Nilimwona. Nilijua picha ile inakwenda wapi na sikumwomba aifute. Labda nilichoka kukuficha.

Juzi nilimweleza yote. Kwamba wewe ndiwe uliyemzaa anajua tangu zamani, hilo halikuwa siri. Nilimweleza kisutu ni nini na ahadi yetu ilikuwa nini. Halafu akasema, "So mimi nilikuwa kwa deposit," yaani amana ya kurudishiwa mwenyewe. Muhammad alisimama akatoka nje. Mimi nilimwambia hapana, ulikuwa kwa mapenzi, mapenzi ya pande mbili. Akasema sawa. Akakitoa kisutu kwa yule mwanamke, akakifua, akakikunja, akakitia kwenye begi lake mwenyewe.

Yuko tayari. Ataondoka na Ummi. Sitakuomba umwache, kwa sababu sina uso wa kukuomba. Lakini nakuomba, dada. Nakuomba.

Biubwa


Tanga
27 Januari 2019

Biubwa mdogo wangu,

Natumai wewe na Muhammad ni wazima. Hapa wote hawajambo. Bakiri ameacha sigara, si kwa ajili yangu. Bushra alimwambia kwa Kiingereza kitu ambacho hakukielewa, akaona haya, akaacha.

Mtoto alifika salama. Ummi analalamika mpaka leo kwamba walimtolea begi lote kwenye mpaka mmoja, kwa sababu ndani ya shimizi kulikuwa na mota ya waipa na hakuna aliyeweza kuwaeleza askari ni ya nini.

Nilimfanyia kila kitu nilichoahidi. Somo alikuja, shangazi zake walikuja, vigelegele vilipigwa mpaka jirani wakafungua madirisha. Nilimvisha kisutu kwa mikono yangu. Alifundwa, alisikiliza, hakukataa hata neno. Shule ameanza, Kiswahili chake kinachekwa lakini hesabu hawamwezi. Heshima anayo. Hilo nakupa, umemlea.

Lakini alikuwa ananiita mama mkubwa. Ndiyo mama mkubwa, hapana mama mkubwa. Nikamwambia, mwanangu, niite mama. Akasema sawa. Tangu hapo haniiti kitu. Anakuja mpaka nilipo, anasubiri nimtazame, ndipo anasema.

Wiki iliyopita nimetoka sokoni nikakuta watoto wa mtaa wamejaa uani kwangu. Alikuwa amemketisha mtu kwenye kiti. Mabomba, waya wa henga ya nguo, gauni langu la zamani alilolitoa kwenye matambara. Mbele yake kaweka meza. Betri kaazima kwa fundi pikipiki. Mguu mmoja wa yule mtu ulikuwa unapanda na kushuka, na kila ukishuka kichwa kinainamia kushoto kidogo, halafu kinanyanyuka. Niliijua shingo ile kabla sijauliza, maana ndivyo ulivyokuwa ukishona tangu usichana wako, kwa sababu ya lile jicho lako lisiloona vizuri. Nikauliza vilevile. Huyu nani?

"Mama," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakaza skrubu na hata hakunitazama. Mimi nimesimama pale na kikapu cha ndizi. Nikaenda jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Nilitaka kukivunja kile kitu. Nilitoka nikasimama mbele yake, nikaona mguu unakanyaga, unakanyaga, na mtoto kakaa chini karibu na meza anafanya kazi zake za shule, kama vile hapo ndipo pake. Sikukivunja. Nilihamisha betri isinyeshewe.

Bado nina hasira na wewe, usidhani zimekwisha. Lakini haya siwezi kumuuliza mtu mwingine. Kuzaa nilizaa mimi, miaka yote iliyofuata unayo wewe. Niandikie. Anapenda chai gani? Akinyamaza ni hasira au ni njaa? Anaogopa nini? Ukitaka aseme, unafanyaje? Mimi najua kumwogesha mtoto wa miaka mitatu, naye hayupo tena.

Nisipoweza, nitamrudisha. Nimeshamwambia Bakiri. Sitaki mtoto anayekauka ndani ya nyumba yangu ili mimi nionekane nimeshinda. Kwa hiyo unajua, ukikaa kimya tu, utampata.

Zubeda


Bertrams, Johannesburg
17 Februari 2019

Dada yangu Zubeda,

Salamu kwako na kwa wote. Mpongeze shemeji. Huku kunanyesha kila alasiri, radi za Johannesburg unazikumbuka nilivyokuwa nikikusimulia. Mama Graça anamuulizia Bushra kila siku na kile kiti cha kubembea hajakitoa barazani. Muhammad anakusalimu, ingawa kwa sasa hatusemezani vizuri mimi na yeye, na nitakwambia kwa nini.

Nilimsomea barua yako. Akasema, usimjibu. Akasema nyamaza tu, kabla ya mfungo mtoto atakuwa hapa, na hakuna atakayesema umemnyang'anya mtu. Mume wangu si mtu mbaya, dada, ni mtu aliyezoea kurudi jioni akakuta mtoto. Nikamsikiliza. Barua yako ilikaa chini ya cherehani na mimi nikakaa juu yake nikishona, na kila siku nilijiambia kwamba kunyamaza si dhambi. Ummi anaondoka kesho. Nimeamka leo nikachukua kalamu. Nataka arudi. Ujue kwamba naandika kila mstari wa hapa chini huku nataka arudi.

Chai anapenda maziwa mengi, tangawizi hapana, ile niliyompa wakati ule aliinywa kwa kunihurumia. Akirudi shule usimuulize habari za shule. Mpe kitu akushikie, uzi, sinia, mchele wa kupepeta, kaa naye upande, usikae mbele yake, na wewe fanya kazi yako. Atasema mwenyewe, na akianza usimtazame.

Akinyamaza huku anacheza na vidole ni njaa. Akinyamaza mikono imetulia ni hasira, na hasira yake haizidi usingizi wa usiku mmoja, ila usimguse. Akiugua huchangamka. Ukimwona anacheka kupita kiasi mshike paji la uso, utakuta joto. Anaogopa mbwa lakini atakwambia amechoka kutembea. Nywele anza kuchana kwa nyuma. Uongo wake ni mchache, na akiusema hukutazama machoni kabisa, kwa hiyo akikutazama sana uliza mara ya pili.

Mota asiiache karibu na mtandio. Hilo simamia hata akichukia.

Jina la kukuita usimdai. Mimi sikulidai, lilikuja siku moja nikiwa natafuta sindano, na nilijifanya sikulisikia ili asiliogope.

La mwisho ni hili, na ndilo lililonichelewesha. Akiota vibaya huita mama, mara moja tu, kwa sauti ndogo, harudii. Usipokwenda atanyamaza na asubuhi hatasema. Kwa hiyo lala mlango wazi. Na ukimsikia, dada, usikae ukajiuliza anamwita nani kati yetu. Itika.

Biubwa